Mkono wa Amani na Ukuta wa Mwenyekiti

Lile benchi ni ubao mmoja tu, mrefu, uliolazwa juu ya matofali pale kwenye kona, lakini ukikaa ukageuza shingo kulia unaliona lango la kanisa, ukigeuza kushoto unauona mlango wa mahakama, kwa hiyo waliozoea kulikalia wanajiona wana madaraka kotekote, kwa Mungu na kwa serikali, na hakuna jambo linalopita hapo bila wao kulitolea hukumu. Anayezinywesha hukumu hizo ni Bi Birika, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, anauza kahawa chungu na hapendi kuona mtu amekaa na kikombe kitupu. Asubuhi hiyo mwisho wa ubao aliketi mama mmoja kijana, mtoto kamfunga kifuani kwa kitenge, ameketi upande upande kama mtu anayengoja kufukuzwa, na moyo ulimwenda mbio mpaka akaogopa utamwamsha mtoto. Alikuwa anangoja kuitwa mahakamani. Kesi ni yake, kaifungua mwenyewe, na mpaka dakika ile hakujua kama ataingia au atakimbia.

— Mama Dirisha! — akaita mzee mmoja mwenye kofia iliyopauka. — Mbona umekaa huko kama mgeni? Sogea huku kwa wenzio.

Huyo ni Wakili. Uwakili wake ni kwamba alifagia korido za mahakama mpaka akastaafu, na anasema sheria iliyomwingia pamoja na vumbi inamtosha.

Na hilo jina la Mama Dirisha ni wao waliompa. Chumba chake kiko nyuma, na njia ya kutokea barabarani ilikuwa kichochoro kimoja tu, kati ya nyumba ya Mwenyekiti na duka la Fundi cherehani, kichochoro ambacho watu wamekipita tangu mama mkwe wake hajaolewa, mpaka Mwenyekiti alipoamka siku moja akakiziba mdomo kwa ukuta. Mwenyekiti maana yake mwenyekiti wa jumuiya, yule anayepanga nani asome somo na nani abebe vipaji, na ukuta wenyewe alisema ni kwa ajili ya kazi ya Kanisa, kichochoro kitakuwa stoo ya viti na ngoma za kwaya. Basi ikawa mama na mtoto wake wanatokea dirishani kwa Fundi. Baadaye Fundi akaona haya, akalibomoa dirisha akatia mlango, lakini jina lilikuwa limeshaganda. Na tangu hapo kila anapokwenda bombani, sokoni, kliniki, anapita katikati ya wateja wanaopimwa nguo, kichwa chini, "samahani baba, napita tu, sikuangalii."

— Mimi katika kesi hii ni mjeruhiwa namba moja, — akasema Fundi, mtu mwembamba, tepu shingoni, duka kamwachia mama mkwe wa Mama Dirisha alilinde ili yeye aje kushuhudia. — Majuzi mzee mzima nimemvua suruali nimpime vizuri, mara huyu hapa, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Yule mzee katoka mbio mpaka leo hajarudi. Suruali ninayo.

— Sasa aliondokaje? — akauliza Bi Birika.

— Kwa kitambaa cha sare za kwaya. Mita nzima. Sauti ya pili haina sare mpaka sasa hivi.

Wakacheka, na Mama Dirisha naye akacheka, kicheko chembamba cha woga, halafu akaona hapana, asiposema sasa hatasema tena, akasema yote kwa mkupuo mmoja kama mtu anayemwaga maji:

— Jamani nisikilizeni, kuna jambo nimelifanya, sijui kama ni jambo, labda nimeshaifuta kesi mwenyewe bila kujua, Jumapili kwenye Misa padre kasema tutakiane amani, mimi nimekaa zangu nyuma karibu na mlango kwa sababu ya mtoto, mara namwona Mwenyekiti anatoka kiti cha mbele kabisa, anashuka, anapita watu wote, anakuja kwangu, amenyoosha mkono, kanisa zima limegeuka, kwaya inaimba, ningefanyaje? Amani imetolewa. Halafu tulipotoka, pale ngazini, akasema kwa sauti, mmeona wenyewe, tumepeana mkono mbele ya altare, kesi imekwisha, Jumatano hakuna haja ya mtu kupoteza muda wake. Watu wakapiga vigelegele! Mama mkwe wangu mwenyewe alipiga! Sasa leo ndiyo Jumatano, mimi niko hapa, nimekuja kufanya nini?

Wakili akavua kofia, jambo analolifanya misibani tu.

— Umekwisha, — akasema.

— Nimekwisha?

— Kisheria. Kupeana mkono ni mapatano. Mapatano yanataka mashahidi wawili. Wewe unao parokia nzima, pamoja na walioketi nje chini ya turubai. Katika miaka yote niliyofagia sijaona mapatano yenye mashahidi wengi namna hiyo.

— Acha kumtisha mtoto wa watu, — akasema aliyekaa katikati, kiatu cha mtu mapajani na sindano mkononi. — Ile ni ibada. Ibada si baraza.

Huyo sasa ni Monsinyori. Anashona viatu, lakini zamani alikuwa seminari, akarudishwa nyumbani kwa sababu alicheka kwenye Misa ya wafu na hakuweza kunyamaza, na kila swali la dini likifika benchini linapelekwa kwake kabla ya kupelekwa kwa padre.

— Ahsante, Monsinyori, — Mama Dirisha akasema, roho ikamrudi kidogo.

— Usinipe ahsante bado. Ile ni ibada, kwa hiyo ni mbaya zaidi. Mapatano ya ofisini utayavunja ofisini. Amani iliyotolewa altareni inavunjwa altareni. Inabidi umngoje Jumapili, padre akisema tutakiane amani, utoke nyuma, uende mbele, uutwae mkono wako.

— Uutwae vipi?

— Kama ulivyoutoa. Lakini kwa kurudi nyuma.

— Mkono hauna mshono, — Fundi akasema. — Ungekuwa na mshono ningeufumua mimi.

— Na akikataa kuurudisha? — akauliza Bi Birika, anamimina.

— Suala linapanda kwa askofu, — akasema Monsinyori. — Askofu akishindwa, Roma. Roma wana mahakama yao, ina majaji wenye kofia nyekundu, kazi yao ni mambo kama haya haya.

— Ya vichochoro?

— Ya mikono.

— Roma si leo! — akaruka Wakili. — Kesi ni leo, na asipotokea inafutwa. Tena nakwambia, mama, utetezi upo. Nimeuona. Tuseme mkono ulioutoa ulikuwa na jasho. Mkono wenye jasho ni mkono wenye hofu, na makubaliano ya hofu hayana nguvu. Ulikuwa na jasho?

— Sijui.

— Sema ulikuwa nalo.

— Atakula kiapo huyo, — Monsinyori akamkemea. — Unataka ashike Biblia aseme uongo kuhusu jasho?

— Basi ulikuwa mkono gani? — Bi Birika akauliza. Yeye alikuwa anauliza kwa kujua tu, kahawa inamiminika. — Wa kulia au wa kushoto? Mimi mtu akinipa wa kushoto siutambui.

Mama Dirisha akaitazama mikono yake. Akainuka, akajipanga kama siku ile, mtoto kifuani, mkoba wa nepi begani, akafumba macho. Wote wakamwangalia kama wanaangalia mtu anayetoa pepo.

— Ngojeni, — akasema. — Kulia nilimshika mtoto chini. Kushoto nilimshika mtoto kichwa. Kitenge kilikuwa kimefunguka. Nikataka kutoa mkono, nikaona mtoto ataanguka, halafu… — akafumbua macho. — Mungu wangu. Si mimi.

— Si wewe nini?

— Aliyetoa mkono. Ni mtoto! Mwenyekiti alinyoosha, mtoto akakidaka kidole, akakikamata, na Mwenyekiti akautikisa mkono hivi hivi, watu wakaona tumepeana. Amepeana na mtoto!

Pakalipuka. Wakili alisimama, akakaa, akasimama tena, kahawa ikamwagikia kiatu cha Monsinyori, na kile cha mteja.

— Batili! — akapiga kelele. — Batili kutoka juu mpaka chini! Makubaliano na mtoto mchanga! Hana umri! Hana meno! Hawezi kuuza wala kununua, atawezaje kusamehe kichochoro?

— Na amebatizwa? — akauliza Monsinyori, macho yamemtoka.

— Bado. Jumapili ijayo.

— Mpagani huyo! — akasema Monsinyori, akamnyooshea mtoto sindano kwa heshima kubwa. — Hajaingia Kanisani. Ile amani ya kwenye Misa ni ya waliokwisha kuwa ndani. Kwa hiyo Mwenyekiti alitoka kiti cha mbele, akapita Wakristo wote, akaenda kupatana na mpagani mlangoni.

— Mpagani wa miezi minne, — Fundi akasema.

— Umri hauhusiki. Upagani ni upagani.

— Sasa kwa hapo, — akasema Wakili, sasa yu moto, — mtoto aitwe shahidi. Apandishwe kizimbani. Aulizwe: wewe, siku ya Jumapili, ulikishika hicho kidole kwa nia gani?

— Nia ya kunyonya! — Bi Birika akasema.

— Andika hiyo! Kujaribu kumla mdaiwa!

— Kwani alikinyonya? — Fundi akauliza.

— Alikiingiza kinywani, — Mama Dirisha akasema, machozi ya kicheko yanamtoka sasa, — halafu akacheua. Kwenye mkono wa shati. Shati jeupe la Jumapili.

Wakaangua kicheko wote wanne. Monsinyori alikuwa amejishika mbavu, kicheko kile kile kilichomfukuzisha seminari.

— Pingamizi hilo! — Wakili anahema. — Amelitoa papo hapo! Mbele ya altare! Jamani, huyu mtoto amekata rufaa na mimi nilikuwa hapo nje sijui!

Mtoto akaamka, akawatazama mmoja mmoja, akapiga mwayo. Mama yake akamtikisa polepole, na kicheko kilivyokuwa kinamtoka kikakatika, akasema bila kumtazama mtu:

— Lakini nikipita pale mlangoni nitakuwa nimemshtaki mtu aliyenisomea rozari. Nilipojifungua huyu vibaya, siku nzima hawajui kama nitapona, nani alikuja na watu? Yeye. Alipiga magoti kwenye sakafu yangu. Na ubatizo ni yeye atakayesimama mbele ya padre aseme familia hii tunaifahamu. Baba mtoto yuko na malori huko, kila nikimpigia anasema tulia, usigombane na Kanisa. Je, ni dhambi? Niambieni hilo moja tu. Ni dhambi?

— Swali lako ni pana, — akasema Monsinyori, akashusha macho kwenye kiatu.

— Ungesubiri kidogo, — Fundi akasema kwa upole. — Labda mpaka baada ya ubatizo. Mlango wangu upo, nimekwambia mara ngapi.

— Mlango wako upo ukiwepo wewe, kaka.

Fundi alijua anaambiwa nini, na wengine pia walijua, ila hakuna aliyewahi kumsikia Mama Dirisha akilisema mwenyewe. Akalisema sasa, haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara:

— Ile siku homa imempanda mtoto, akakakamaa, macho yamegeuka juu, wewe umekwenda mazikoni na ufunguo, sikulaumu, ulikuwa msiba wa kwenu, nikagonga mlango, nikagonga ukuta, nikaita, Mwenyekiti hayupo, watu wa barabarani wanasikia sauti hawajui inatoka wapi, mpaka mtu akaleta ngazi, mimi nikapanda juu ya pipa nikamrusha, sikumpa mtu, nilimrusha, simwoni wa upande wa pili, nasikia tu sauti inasema achia mama, nimemshika, achia. Nikaachia. Mimi nilibaki ndani, mtoto wangu anakimbizwa hospitali na mtu nisiyemwona uso. Ndiyo nikaenda kufungua kesi. Sikumchukia. Mpaka leo simchukii, nataka njia.

Bi Birika akamwekea kikombe mkononi bila kusema bei. Akakishika, hakunywa.

— Kuna yule mjane, — Monsinyori akasema baadaye, taratibu, bila mbwembwe. — Kwenye somo. Yule aliyemwendea hakimu kila siku mpaka hakimu akachoka. Sikumbuki kama popote alikemewa aende kwanza kutulia.

— Sasa mbona hukusema hilo toka mwanzo? — Bi Birika akamgeukia.

— Tulikuwa Roma.

Kabla hawajacheka, Mwenyekiti huyo hapo, anatokea upande wa kanisa, koti jeusi, rozari mkononi, mtu wa uso mpole na sauti ya kusoma tangazo, nyuma yake akina mama wawili wa kwaya aliowaleta kuwa mashahidi wa ule mkono.

— Tumsifu Yesu Kristo!

— Milele amina, — likajibu benchi zima, na hapo ungeona ajabu: Wakili kavua kofia mara ya pili, Fundi kakunja tepu, Monsinyori anashona kiatu ambacho hakina tundu. "Shikamoo Mwenyekiti." "Karibu kahawa, Mwenyekiti." "Habari za kwaya, Mwenyekiti."

— Kwaya njema, ila kuna mtu ameondoka na kitambaa chetu, — akasema, kisha akainama kwa Mama Dirisha. — Binti yangu. Umekuja kumwambia karani tumeyamaliza? Vizuri. Usingesumbuka na jua hili, mimi mwenyewe ningemwambia. Jumapili tunambatiza huyu bwana, nimeshapanga, nitasimama mwenyewe. — Akamgusa mtoto shavuni kwa kidole kile kile, na mtu hawezi kusema kidole hicho hakikuwa na upendo. — Wala usiogope. Nyumbani ni nyumbani.

Mama Dirisha alitaka kusema baba, sikuja kumaliza. Badala yake akatikisa kichwa, na mtikiso wenyewe hata yeye hakuujua kama ni wa ndiyo au wa siyo. Mwenyekiti akatabasamu, akavuka na watu wake wakaingia mahakamani.

Benchi likabaki linatazama chini.

— Niliongea naye kwa ukali, — akasema Wakili.

— Ulimkaribisha kahawa, — Bi Birika akasema.

— Kwa ukali.

Ndipo akatokea mtu mgeni, mrefu, suruali imejaa saruji iliyokauka, mfuko wa zana begani, mwiko umechungulia. Mwashi. Akaketi palipobaki, akaomba kahawa, akainywa yote kwa funda moja kama dawa.

— Wenyewe, habari zenu. Mnamfahamu mwenyekiti mmoja wa hapa kanisani, ana ukuta?

Vikombe vikatua ubaoni.

— Tunamfahamu, — Bi Birika akasema.

— Nimetafuta nyumba mpaka nimeiona, ila mwenyewe hayupo. Ameniita nije asubuhi hii niuinue. Niongeze matofali kozi tano sita, mstari juu ya mstari, halafu juu nimwagie chupa zilizovunjika, wezi wasiruke. Alisema leo ndiyo siku nzuri, kulikuwa na kesi kesi hivi, leo inakwisha.

— Leo asubuhi? — Mama Dirisha akauliza, sauti yake mwenyewe ikamshtua. — Aliyasema lini hayo?

— Jumapili. Jioni. Alinipigia simu, kachangamka kweli.

Wakatazamana. Mtoto akacheza na ncha ya kitenge. Mwashi akaendelea, anafuta mdomo, mtu asiye na habari:

— Kazi si ngumu. Ila nimechungulia kwa juu nikaona kuna kamba ya nguo, nepi zimeanikwa, kuna watu wanaishi. Nikazunguka huku, nikazunguka huku. Sikuelewa. Sasa hivi angalau mtu anaweza kuweka ngazi. Nikishauinua na zile chupa, ngazi haifai tena. — Akawageukia, anauliza kweli, kama anavyouliza mchanga uko wapi. — Wale wa nyuma watakuwa wanatokea wapi?

Monsinyori aliyewapeleka Roma akatazama kiatu. Wakili akatazama mahakama. Fundi akaanza kusema "kwangu", akakumbuka mazishi, akaacha. Bi Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka matone mawili ya masimbi ya kahawa, na hakuweza kusema kwamba imekwisha.

Upande wa pili wa barabara karani akatoka mlangoni, akakohoa, akaita:

— Kesi ya ukuta! Mlalamikaji wa ukuta yupo?

Mwenyekiti alionekana nyuma yake, anamnong'oneza kitu begani, na karani anaitikia kwa kichwa, kalamu iko tayari. Mama Dirisha akasikia "tulia, usigombane na Kanisa", akasikia vigelegele vya ngazini, akasikia na ile sauti isiyo na uso, achia mama, nimemshika. Na akashangaa, maana aliposimama alikuwa bado anaogopa vile vile, hakuna woga uliopungua hata chembe, ila miguu ilikuwa inakwenda.

— Nipo! — akapiga ukelele mpaka njiwa wa mnara wa kanisa wakaruka na mtoto akaanza kulia. — Nipo! Usiandike! Nipo mimi!

Akarudi hatua moja, akamshika mwashi mkono wa shati.

— Baba, twende.

— Wapi?

— Humo. Ni mimi ninayekaa nyuma.

Mwashi akazitazama zile nepi za mkobani, akaelewa nusu.

— Mama, mimi sijui kusema mahakamani. Nimekuja na mwiko.

— Usiseme kitu. Uliza tu. Kama ulivyouliza hapa, hivyo hivyo, usiongeze.

Wakavuka, yeye mbele, mwashi nyuma, halafu Fundi, halafu Monsinyori na kiatu cha mtu, halafu Bi Birika ambaye tangu aanze kuuza hajawahi kuliacha jiko lake, na Wakili wa mwisho anaelekeza njia kwa watu waliokwisha kuiona. Ndani palikuwa na chumba kidogo, meza, feni inayozunguka bila upepo, na hakimu mwanamke mwenye miwani aliyekuwa anafungua jalada.

— Nimeambiwa mmepatana, — hakimu akasema. — Kanisani.

— Mheshimiwa, — Mama Dirisha akasema, na maneno yakamtoka yote pamoja, — amani naitaka, ya Jumapili naipokea hata leo kama ipo, hata yeye nampenda ni kama mzazi, ila sikufuta kesi, na aliyempa mkono si mimi, ni huyu, na ana miezi minne, na alimcheulia.

Mama mmoja wa kwaya akaguna "ni kweli, alimcheulia," kisha akaziba mdomo.

— Una shahidi?

— Ninaye. Ana swali.

Hakimu akashusha miwani, akamtazama yule mtu mrefu mwenye saruji, akaagiza aapishwe. Akaapa, mwiko kwapani. Alipoulizwa anajua nini kuhusu kesi hii akasema hajui kitu, ameitwa leo kuinua ukuta, aweke chupa juu, na alitaka kujua tu kabla hajachanganya saruji, wale wa nyuma watakuwa wanatokea wapi.

Hakimu taratibu akaigeuza ile miwani upande wa Mwenyekiti.

— Hata mimi nataka kulijua, — akasema. — Bwana Mwenyekiti, tunakusikiliza.

Mwenyekiti akafungua kinywa, mtu aliyesoma matangazo ya Kanisa miaka yote bila kukwama. Akakifunga. Akaitazama rozari mkononi, akaihamishia mkono wa pili, akafungua tena kinywa, na safari hii hakukifunga, kilikaa wazi hivyo hivyo, kama mlango. Na Mama Dirisha, amesimama hapo, akashikwa na kicheko cha ghafla kilichopanda kutoka miguuni, akaung'ata ukingo wa kitenge kwa nguvu zake zote kisitoke, kwa sababu hakimu alikuwa bado anangoja jibu.